Kutafuta mwafaka wa turufu katika briji: mapatano ya mnada, hatua kwa hatua

Mnada wa briji, mchezo wa karata wa wenzi wawili dhidi ya wawili, una maswali mengi, lakini la kwanza ni hili: je, mkijumlisha karata zako na za mwenzako, kuna jamii moja ambayo mnazo 8 au zaidi? Ikiwepo, mmepata mwafaka, na mara nyingi hiyo ndiyo itakuwa turufu yenu. Ikikosekana, mtacheza bila turufu au mtanyamaza mapema. Mapatano yote tunayoeleza hapa yamebuniwa ili kujibu swali hilo kabla mnada haujapanda juu mno.

Tunawaandikia wachezaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji ya karibu ambao tayari wanajua kucheza karata 13 mezani, ila mnada wao bado ni wa kukisia. Wengi huingia kwenye briji wakitoka kwenye kadi, ule mchezo ambao ukitupa ree unadai jamii unayoitaka. Tabia hiyo huwaponza. Katika briji jamii haidaiwi, inaulizwa. Mwenzako naye anakujibu kwa dau, na jibu lake lina maana moja tu mliyokubaliana kabla ya kuketi.

Jamii hupanda kwa mpangilio huu: pau ♣ (mezani utasikia pia maua), uru ♦, kopa ♥, shupaza ♠, kisha juu yake bila turufu, ambayo tutaiandika BT. Kopa na shupaza ni jamii kuu. Pau na uru ni jamii ndogo. Herufi ni zile zilizochapwa kwenye karata: A ree, K mfalme, Q malkia, J jeki. Pointi ni 4 kwa A, 3 kwa K, 2 kwa Q na 1 kwa J, kwa hiyo pakiti nzima ina pointi 40. Dau la 2♥ ni ahadi ya kushinda mizunguko 8, yaani 6 ya kawaida na 2 zaidi, kopa zikiwa turufu. Dabo, yaani kauli ya kuzidisha mara mbili dau la wapinzani, tutaiandika X.

Kwa nini karata 8

Mkiwa na turufu 8, wapinzani wana 5. Karata hizo 5 hugawanyika 3-2 kwa asilimia 68 hivi, 4-1 kwa asilimia 28, na 5-0 kwa asilimia 4. Kwa hiyo mara mbili katika kila tatu utaondoa turufu zao kwa mizunguko mitatu na bado utabaki na zako za kukatia. Mkiwa na turufu 7, wapinzani wana 6, na mgawanyo mzuri wa 3-3 hutokea kwa asilimia 36 tu. 4-2 ndio wa kawaida zaidi, asilimia 48. Pengo hilo la karata moja ndilo linalotenganisha mkataba (dau la mwisho la mnada) unaotulia na mkataba unaokutoa jasho.

Mwafaka wa 4-4, yaani kila mwenzi ana karata 4, una thamani ya pekee. Ukishaondoa turufu za wapinzani kwa mizunguko mitatu, kila mkono unabaki na turufu moja, na hizo mbili zinaweza kushinda kila moja kwa wakati wake. Bila turufu jamii hiyohiyo hukupa mizunguko 4. Ikiwa turufu hukupa 5. Ndiyo sababu tunahangaika kuitafuta hata tukiwa na pointi za kutosha kwa 3BT.

Hesabu ya gemu inaeleza kwa nini tunaanza na jamii kuu. Gemu ni mkataba wa pointi 100 za mezani. Katika BT mzunguko wa kwanza una 40 na inayofuata 30, hivyo 3BT inatosha. Jamii kuu ni 30 kwa kila mzunguko, kwa hiyo unahitaji 4. Jamii ndogo ni 20, kwa hiyo ni lazima ufike 5, yaani mizunguko 11. Pointi 25 za pamoja kwa kawaida hutosha kwa 3BT au 4 za jamii kuu. Kwa 5 za jamii ndogo tafuta 28 au 29. Mpangilio wa kutafuta basi ni jamii kuu kwanza, kisha 3BT, na jamii ndogo mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: msingi mmoja

Mapatano hayawezi kusimama juu ya misingi miwili. Hapa tunatumia msingi wa jamii kuu za karata 5: ukifungua 1♥ au 1♠ unaahidi karata 5 au zaidi, na 1BT ni mkono uliosawazika (usio na jamii ndefu sana wala fupi sana) wenye pointi 15 hadi 17. Mwenzako akiwa amejifunza Acol, mfumo wa Uingereza, huenda anafungua jamii kuu kwa karata 4 na 1BT yake ni pointi 12 hadi 14. Si kosa, ila hesabu zote za hapa chini zinabadilika. Ulizaneni hilo kabla ya jambo jingine lolote, hasa pale mtu wa Nakuru anapokaa na mtu wa Kisumu kwa mara ya kwanza.

Andikeni mapatano kwenye ukurasa mmoja na kila mmoja abaki na nakala. Wapinzani wana haki ya kujua maana ya kila dau lenu. Sheria za briji haziruhusu mapatano ya siri kati ya wenzi wawili.

Hatua ya pili: mwenzako amefungua 1BT, nawe una karata 4 za jamii kuu

Hapa ndipo Stayman inapoingia. Inabeba jina la Mmarekani Sam Stayman, aliyeichapisha mwaka 1945, ingawa aliyeibuni ni mwenzi wake George Rapée. Unasema 2♣. Dau hilo halihusu pau hata kidogo, linauliza, "Una karata 4 za kopa au shupaza?"

Majibu ya mfunguaji ni matatu tu. 2♦ ni hapana, sina karata 4 za jamii kuu yoyote. 2♥ ni karata 4 za kopa, na huenda ana 4 za shupaza pia. 2♠ ni karata 4 za shupaza, kopa hana 4. Hakuna jibu la nne. Mfunguaji anayejibu 2BT au 3♣ kwa sababu "mkono wangu ni mzuri" ameharibu mapatano yote, maana mwenzake hawezi tena kujua kilichopo.

Tazama mikono hii miwili:

Mfunguaji: ♠ K J 8 4 ♥ A 7 ♦ K Q 6 ♣ A 10 5 2
Mjibu: ♠ A Q 6 3 ♥ 9 4 ♦ J 10 8 5 ♣ K 7 3

Pamoja wana pointi 27. Mjibu asiyejua Stayman ataruka 3BT, na wapinzani wataanza kopa. Mizunguko ya uhakika ni 4 ya shupaza, 1 ya kopa na 2 ya pau: jumla 7. Ili kupata mingine ni lazima uitoe A ya uru, na wapinzani wakiishinda wanamwaga kopa zao. Mkataba unaanguka. Kwa Stayman mnada unakwenda 1BT – 2♣ – 2♠ – 4♠. Shupaza zikigawanyika 3-2, unapoteza kopa moja, A ya uru na pau moja, basi. Pau nyingine unaitupa juu ya uru ya nne. Mizunguko 10 imetimia. Pointi ni zilezile, karata ni zilezile.

Baada ya jibu, mjibu huendelea kwa nguvu zake. Akiwa na mwafaka na pointi 8 au 9 anapandisha hadi 3 kualika. Akiwa na 10 au zaidi anaruka 4. Akikosa mwafaka, 2BT ni mwaliko na 3BT ni gemu. Kuna mahali ambapo wenzi wengi hupotea: mnada umekwenda 1BT – 2♣ – 2♥ – 3BT. Mjibu aliuliza jamii kuu lakini hakuzitaka kopa, kwa hiyo lazima ana shupaza 4. Mfunguaji aliye na 4 za kila moja asipite hapo. Asahihishe kwenda 4♠. Zoezi hili lirudieni hadi liwe la kujiendea lenyewe, kwa sababu kosa lake ni la kimya. Hakuna atakayelishtukia mpaka karata zimelazwa mezani.

Usitumie Stayman ukiwa na chini ya pointi 8, isipokuwa kama jibu lolote kati ya matatu litakufaa. Mfano ni ♠ Q 8 6 3 ♥ J 9 7 4 ♦ 10 8 6 5 2 bila pau hata moja: sema 2♣, kisha pita jibu lolote litakalokuja, hata 2♦. Na ukiwa na umbo la 4-3-3-3 na pointi za gemu, fikiria kuiacha Stayman na kusema 3BT moja kwa moja. Mkono wa namna hiyo hauna jamii fupi ya kukatia, kwa hiyo faida ya mwafaka wa 4-4 hupungua sana.

Ukiwa na 5-4 katika jamii kuu na pointi za gemu, anza pia na 2♣. Jibu likiwa 2♥ au 2♠, mwafaka umepatikana. Likiwa 2♦, bado unaweza kuwa na 5-3. Hapo yapo mapatano yaitwayo Smolen: unaruka 3 katika jamii kuu uliyo na karata 4, si ile ya 5. Yaani 3♥ ni kopa 4 na shupaza 5, na 3♠ ni kinyume chake. Mfunguaji mwenye karata 3 za ile ndefu anaichagua, na mkono wenye nguvu ndio unaobaki umefichwa, wa mwenzake ukilazwa mezani. Kama inawachanganya, iacheni kwanza mpaka Stayman ya kawaida itulie.

Hatua ya tatu: mwenzako amefungua 1BT, nawe una karata 5 za jamii kuu

Tumia uhamisho wa Jacoby, uliotangazwa na Oswald Jacoby mwaka 1956. Unasema jamii iliyo chini ya ile unayoitaka: 2♦ humwagiza mfunguaji aseme 2♥, na 2♥ humwagiza aseme 2♠. Hana uchaguzi, hata akiwa na karata 2 tu za jamii hiyo.

Kuna faida mbili. Ya kwanza, mkono wenye pointi 15 hadi 17 ndio unaoshika mkataba na kubaki umefichwa, na mpinzani anayeanza hucheza kuelekea kwenye K na Q zako badala ya kuzipitia juu. Ya pili ni kubwa zaidi: unapata zamu ya pili ya kusema. Bila uhamisho, ukisema 2♠ umemaliza. Kwa uhamisho, ukishasema 2♥ na mwenzako 2♠, unaweza kuchagua:

- Pasi, ukiwa na pointi 0 hadi 7.
- 2BT, ukiwa na 8 au 9 na karata 5 kamili. Mfunguaji anachagua kati ya BT na shupaza, na kati ya kusimama na kupanda.
- 3♠, ukiwa na 8 au 9 na karata 6.
- 3BT, ukiwa na 10 au zaidi na karata 5. Mfunguaji mwenye shupaza 3 anahamia 4♠. Mwenye 2 anapita.
- 4♠, ukiwa na karata 6 na nguvu za gemu.

Mkono dhaifu ndio unaohitaji uhamisho kuliko yote. ♠ J 9 7 5 4 ♥ 8 2 ♦ 10 6 4 3 ♣ 9 5 una pointi 1. Ukipita 1BT, mkono huo mezani hauna njia ya kuingia na hautasaidia chochote. Shupaza zikiwa turufu, karata zake ndogo huanza kushinda. Sema 2♥, pokea 2♠, pita. Mtu akikuuliza kwa nini umesema dau na pointi 1, mweleze kwamba hukupandisha. Umemhamisha mwenzako kutoka mahali pabaya.

Mfunguaji mwenye karata 4 za jamii iliyoombwa na pointi 17 anaruhusiwa kuruka 3 badala ya 2, kwa kuwa turufu ni 9 na hatari ni ndogo. Hilo pia mkubaliane mapema.

Yanayoharibika hapa ni machache lakini yanauma. La kwanza, mfunguaji anasahau na kuipita 2♦, nanyi mnacheza uru zenye karata 5 kati yenu. La pili, mpinzani anatia X juu ya 2♦ kuonyesha uru zake. Kubalianeni kwamba mfunguaji atasema 2♥ akiwa na kopa 3 au zaidi, na atapita akiwa na 2. La tatu, mpinzani anaingilia moja kwa moja juu ya 1BT. Kanuni nyepesi ni hii: juu ya X ya mpinzani au 2♣ yake, mapatano yanaendelea kama kawaida, na X yako juu ya 2♣ ndiyo Stayman. Juu ya dau lolote la juu zaidi, uhamisho umezimwa na mnasema jamii zenu halisi.

Ufunguzi wa 2BT (pointi 20 au 21) hutumia mapatano hayahaya ngazi moja juu: 3♣ ni Stayman, 3♦ na 3♥ ni uhamisho.

Hatua ya nne: mwenzako amefungua jamii kuu

Akifungua 1♥ ana karata 5, kwa hiyo ukiwa na 3 mwafaka tayari upo. Usizunguke. Hesabu upya mkono wako kwa kuongeza thamani ya jamii fupi: ukiwa na karata 4 za turufu, ongeza 1 kwa jamii ya karata 2, 3 kwa jamii ya karata moja, na 5 kwa jamii usiyo nayo kabisa. Nyongeza hii huhesabiwa pale tu mwafaka umepatikana. Kabla ya hapo, jamii fupi ni udhaifu.

Pointi 6 hadi 9 na karata 3: 2♥. Pointi 10 hadi 12 na karata 4: 3♥, mwaliko. Karata 5 na pointi chache: 4♥ moja kwa moja, ili kuwafungia wapinzani njia. Ukiwa na karata 3 tu na nguvu za mwaliko, taja jamii nyingine kwanza, kisha rudi kwenye kopa.

Ukiwa na karata 4 na pointi 13 au zaidi, sema 2BT. Huo ni upandishaji wa Jacoby: unalazimisha gemu na kumuuliza mfunguaji umbo lake. Akisema jamii mpya ngazi ya 3, ana karata moja au sifuri za jamii hiyo. Jamii mpya ngazi ya 4 ni jamii ya pili ya karata 5. Asipokuwa na umbo la kueleza, 4 za turufu ni mkono wa chini, 3BT ni wa kati wenye 15 hadi 17, na 3 za turufu ni 18 au zaidi.

Ikiwa wewe ndiye mwenye jamii ya karata moja, iseme mwenyewe. Mruko maradufu kama 1♠ – 4♣ humaanisha: nina shupaza 4, nguvu za gemu, na pau moja au sifuri. Mfunguaji mwenye ♣ 7 5 3 2 anafurahi, kwa sababu hasara zake zote za pau zitakatwa, na anaweza kutafuta slamu (mizunguko 12 au 13) hata bila pointi nyingi. Mwenye ♣ K Q J anajua kwamba pointi zake 6 hazina kazi kubwa, anasimama 4♠. Hayo ni mapatano tunayoyapenda kuliko mengi ya kisasa, maana kwa dau moja yanaeleza turufu, nguvu na umbo.

Hatua ya tano: mwenzako amefungua jamii ndogo

1♣ au 1♦ huenda ina karata 3 tu, kwa hiyo usiiunge mkono mapema. Taja jamii kuu yako ya karata 4 hata kama ni ♥ 8 6 5 2. Ukiwa na 4 za kopa na 4 za shupaza, anza na 1♥. Mwenzako asipokuwa na kopa atasema 1♠ akiwa nazo, na mwafaka hautapotea. Ukiwa na 5 na 5, anza na 1♠. Mfunguaji mwenye karata 4 za jamii yako anakupandisha mara moja: hadi 2 kwa mkono wa chini, hadi 3 kwa pointi 16 hadi 18, hadi 4 kwa 19.

Mwafaka unaopotea sana hapa ni wa 5-3. Mnada ni 1♦ – 1♠ – 1BT, na wewe una ♠ A Q 9 6 2 ♥ K J 7 3 ♦ 8 ♣ Q 8 5. Mwenzako ana pointi 12 hadi 14, wewe una 12, gemu inanukia. Je, ana shupaza 3? Ana kopa 4? Ukisema 2♥ ya kawaida, anaweza kupita. Sema 2♣, ile jamii ndogo ambayo haijatajwa. Dau hilo linalazimisha na linahitaji pointi 11 au zaidi. Mfunguaji anajibu 2♥ akiwa na kopa 4, 2♠ akiwa na shupaza 3, na 2♦ au 2BT akikosa vyote viwili. Akiwa na vyote viwili anaanza na kopa, nawe ukirudi BT ataonyesha shupaza. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kusimama kwenye 2♣ ukiwa na pau nyingi na mkono dhaifu. Gharama hiyo inalipika.

Ndugu ya mapatano hayo ni jamii ya nne. Mnada umekuwa 1♦ – 1♠ – 2♣, nawe una ♠ A Q J 7 4 ♥ 8 6 3 ♦ K 5 ♣ A J 4. Pointi 15, gemu ni lazima, lakini gemu ipi? Sema 2♥, jamii pekee iliyobaki, bila kuahidi kopa yoyote. Unamwomba mwenzako aeleze zaidi. Shupaza 3 atasema 2♠, na mwafaka wa 5-3 umepatikana. Akiwa na kizuizi cha kopa, yaani karata ya kuwazuia wapinzani wasizimwage, atasema 2BT. Akikosa yote atarudia jamii yake ndefu. Kosa la kawaida ni mfunguaji kudhani una kopa na kukupandisha 3♥ akiwa na karata 3. Mwambieni kila mwenzi mpya: jamii ya nne ni swali.

Hatua ya sita: wapinzani wameingilia

Mwenzako amefungua 1♦, mpinzani amesema 1♠, na wewe una ♠ 7 4 ♥ K J 8 5 ♦ Q 6 3 ♣ A 10 7 2. Huwezi kusema 2♥, kwa sababu hiyo inaahidi kopa 5 na pointi 10 au zaidi. Zamani X hapa ilikuwa ya kuwaadhibu wapinzani. Alvin Roth na Tobias Stone ndio walioigeuza mwaka 1957: X ni ombi, inaonyesha karata 4 za jamii kuu ambayo haijatajwa. Kwa mkono huu, ni X bila kusita.

Nguvu hutegemea mahali mwenzako atakapolazimika kujibu: pointi 6 zinatosha ngazi ya 1, 8 ngazi ya 2, 10 ngazi ya 3. Baada ya 1♣ – (1♥), dau la mpinzani likiwa kwenye mabano, tofautisha vizuri: X ni shupaza 4 kamili, na 1♠ ni 5 au zaidi. Tofauti hiyo ndogo humwezesha mfunguaji mwenye shupaza 3 kujua papo hapo kama mwafaka upo. Andikeni pia mwisho wa matumizi yake. Hadi 2♠ ya mpinzani ni kipimo kizuri kwa wanaoanza.

Ukiwa na mwafaka tayari na pointi 10 au zaidi, taja jamii ya mpinzani mwenyewe: 1♥ – (1♠) – 2♠ ni "naunga mkono kopa, na nina nguvu." Hivyo 3♥ ya mruko inabaki kwa mikono dhaifu yenye turufu 4. Katika mashindano ya namna hii, kipimo alichokitangaza Mfaransa Jean-René Vernes kinasaidia: pandeni hadi idadi ya mizunguko ilingane na idadi ya turufu zenu. Turufu 8, ngazi ya 2. Turufu 9, ngazi ya 3.

Wapinzani wakifungua wao, nawe una jamii mbili za karata 5, Michaels inatosha: juu ya 1♣ au 1♦, taja jamii hiyohiyo ngazi ya 2 kuonyesha kopa na shupaza, juu ya 1♥, 2♥ ni shupaza na jamii ndogo moja. 2BT ya mruko ni jamii mbili za chini ambazo hazijatajwa.

Mwafaka usipopatikana

Kuna mikono ambayo haitakubali. Wewe una shupaza 6 na kopa moja, mwenzako ana kopa 6 na shupaza moja, na kila mmoja anarudia jamii yake huku mnada ukipanda. Simama. Aliye na mkono dhaifu apite kwenye dau la kwanza linalovumilika, hata kama jamii si yake. Pointi 22 bila mwafaka hazifikii pointi 19 zenye turufu 9, na kila ngazi mnayoongeza mnawaandalia wapinzani X ya adhabu.

Vifaa na mazoezi

Mnada wa kusema kwa mdomo una hatari mbili: meza ya jirani inasikia, na sauti inatoa siri. "Pau mbili" iliyosemwa kwa kusitasita humweleza mwenzako jambo ambalo hana haki ya kulijua. Tumieni kadi za mnada. Kama hamna za dukani, nunueni karatasi za manila za A4. Kunja kila moja mara nne, kata kwenye mikunjo, upate vipande 16 vya sentimita 7.4 kwa 5.2. Mchezaji mmoja anahitaji manila 3, yaani vipande 48: madau 35 kuanzia 1♣ hadi 7BT, pasi 7, X 4, na dabo ya pili (ya kujibu X ya mpinzani) 2. Meza nzima ni manila 12. Andikeni kopa na uru kwa wino mwekundu, na alama iwe kwenye kona ya kushoto juu ili madau yapangwe yakilaliana na bado yaonekane.

Kwa mazoezi ya 1BT, msigawe karata ovyo mkingoja mkono ufaao. Toeni ree 2, wafalme 2 na malkia 1, ambao ni pointi 16, kisha ongezeni karata 8 kutoka zile za 2 hadi 9. Pasiwe na jamii yenye chini ya karata 2 wala zaidi ya 5, na jamii mbili zisiwe na karata 2 tu kila moja. Huyo ndiye mfunguaji. Changanyeni zilizobaki, mpeni mwenzake 13. Nadini, laleni karata mezani, mhesabu turufu. Ndani ya saa moja mtapita mikono mingi, kwa sababu hamchezi, mnanadi tu.

Mwenzi mmoja akiwa Kisumu na mwingine Nakuru, mtu wa tatu agawe karata, apige picha ya kila mkono na kumtumia kila mmoja wake kwa WhatsApp. Madau yaandikwe kwenye kundi moja, dau moja kwa ujumbe, bila maelezo. Mnada ukifungwa kwa pasi, picha zote mbili zifunguliwe. Bridge Base Online pia ina meza za kunadi kwa wawili, bila malipo. Kwa vyovyote vile, kila mnada uliokosa mwafaka wa karata 8 uandikwe nyuma ya ukurasa wa mapatano pamoja na dau lililopaswa kusemwa, na mzisome tena siku mtakayokutana mezani.